Siku Wakili Alipoacha Kubisha

Palikuwa na kinyozi mmoja, mbishi kiasi kwamba watu waliacha kumwita kwa jina lake wakamwita Wakili. Mahakamani hakuwahi kuingia, hata kama shahidi, lakini ukikaa kwenye kiti chake, akakufunga kitambaa shingoni, tayari una kesi. Useme jua limekuwa kali mwaka huu, atakwambia jua ni lile lile, ni wewe umenenepa. Useme timu yako imecheza vizuri, ataipanga upya, amfukuze kocha, na kabla hajafika kisogoni utajikuta unajitetea kwa jambo ambalo hata hukulifanya. Watu walilalamika sana, na nywele zikiota kidogo tu walirudi. Wengine walikuwa na saluni mlangoni kwao, lakini walivuka mitaa kuja kubishana na Wakili.

Aliyeusikia ubishi ule kuliko wote alikuwa mkewe. Alikuwa fundi cherehani, mshonaji wa sare za shule, na chumba chake cha kazi kilipakana na saluni ya mumewe. Kati yao palikuwa na ukuta wa mbao nyembamba, basi. Mchana kutwa alipata kila kitu kupitia mbao zile: mashine ya kunyolea ikinguruma na kunyamaza, sauti ya mumewe ikipanda, kisha kicheko cha mtu aliyeshindwa. Mlio wa cherehani yake mwenyewe alikuwa hausikii tena, masikio yalishahamia upande wa pili. Na jioni kesi ilihamia nyumbani. Majani ya chai yanatiwa kabla maji hayajachemka au baada? Dirisha lifungwe au liachwe wazi? Binti yao alipokuwa mdogo alidhani wazazi wote duniani huzungumza hivyo, mpaka alipokwenda kulala kwa rafiki yake siku moja, akarudi na wasiwasi.

"Mama, kule kwao baba na mama wanakula kimya. Wamekosana?"

Mara nyingi mwanamke yule alitamani apate siku moja, moja tu, ya kusema jambo likapita. Na siku hiyo ilipokuja, hakuitambua.

Ilikuwa asubuhi, mezani. Alisema, bila hata kuinua macho, kwamba lile kabati la sebuleni lingehamishiwa chumbani, maana linaziba mwanga. Kabati lile lilikuwa kesi ya zamani, wameligombania tangu binti yao hajaanza shule. Alikuwa ameshajiandaa, kijiko mkononi, kujibu litakalokuja. Mumewe akamega mkate, akasema, "Sawa."

"Sawa nini?"

"Kabati. Lihamishe."

Akamtazama. Alidhani ni mtego, kwamba mumewe anamsogeza pembeni ili ampige vizuri. Alisubiri mpaka chai ikapoa. Hakuna kilichokuja. Jioni kabati likahama, sebule ikapata mwanga, naye akampigia simu dada yake kumpa habari.

"Umempa dawa gani?" dada mtu akauliza. "Nipunguzie kidogo, na wangu anywe."

Wakacheka mpaka wakafuta machozi.

Wiki zile za kwanza zilikuwa tamu, lazima tuseme ukweli. Alibadilisha mapazia asiulizwe. Alisema watamtembelea shemeji yake Jumamosi, wakaenda, wala hakuna aliyesimama mlangoni kuhoji kwa nini si Jumapili. Nyumba ilitulia. Alikuwa akilala usingizi mzito, akiamka akijiambia kwamba mume wake hatimaye amekua.

Halafu akaja Mwalimu.

Huyu alikuwa mwalimu mstaafu, mwenye upara uliokamilika. Hakuwa na cha kunyolewa isipokuwa vinywele vichache nyuma ya masikio, lakini saluni haikumkosa, alikuja kwa ajili ya kesi. Siku hiyo hakuingia saluni. Alisimama kwenye mlango wa fundi cherehani, kofia mkononi, kama mzazi aliyeitwa shuleni.

"Mama, naomba uniambie ukweli. Nimemkosea nini mzee?"

"Amekwambia umemkosea?"

"Hajaniambia kitu. Hapo ndipo penye shida. Jana nimesema, makusudi kabisa, kwamba redio ni bora kuliko gazeti. Unajua tumeligombania hilo tangu lini. Akaniambia, 'Huenda uko sahihi.'" Mwalimu akaigeuza kofia mkononi. "Huenda niko sahihi, Mama. Nimerudi nyumbani chakula hakishuki."

Mama alicheka kidogo, akampoza, akamwambia huenda mzee amechoka tu. Lakini Mwalimu alipoondoka, alitoa mguu kwenye pedali, akasogeza sikio kwenye mbao. Mashine ya kunyolea ilinguruma. Mpole, kinyozi wa kiti cha pili, alimwuliza mtu kama ndevu zipunguzwe au ziondolewe zote. Sauti ya mumewe haikuwepo. Akarudisha mguu, akashona mstari mmoja wa mfuko, akasimama tena. Alikuwa ameisikia cherehani yake, sindano ikidonoa kitambaa kwa mlio uleule wa siku zote. Akajiuliza ni tangu lini amekuwa akiusikia.

Kuanzia hapo macho yalimfumbuka. Mambo yenyewe yalikuwa madogo, na kila moja lilikuja na sababu yake mfukoni. Mumewe aliuliza kama binti yao amepiga simu. Akaambiwa amepiga, anawasalimu. Kikombe hakijaisha, akauliza tena. Basi, nani hajawahi kuuliza jambo mara mbili? Siku nyingine aliomba kitana, neno likamkimbia, akasema, "Nipe kile, kile chenye meno," na wateja wakacheka wakidhani ni mzaha wake. Hadithi zake, ambazo zamani zilikuwa na kichwa na miguu, sasa zilikatikia kiunoni. Akifika hapo alicheka mwenyewe, na wengine wakacheka naye kwa heshima.

Kisha ikatokea ile ya mteja wa nusu. Wakili alimnyoa mtu upande wa kulia, akamnyoa vizuri sana, akamfungua kitambaa, akampiga brashi shingoni, akampaka poda na kumwambia tayari. Mtu akajiangalia kwenye kioo. Akaangua kicheko, akidhani Wakili amebuni njia mpya ya kutafuta ugomvi. Mpole alikuja haraka akamkalisha tena, "Bado, bado, tulikuwa tunapumzika," akamalizia upande wa pili.

Mpole mwenyewe ndiye aliyekuja kumsimulia mama, akikamua taulo ambalo halikuwa hata na maji. Mtu huyu alikuwa amefanya kazi kando ya Wakili tangu ujana wake bila kupata nafasi ya kuchomeka neno. Kumsikia anazungumza sentensi kadhaa kwa mpigo kulimtisha mama kuliko habari yenyewe.

"Sikutaka kusema, Mama. Lakini wembe ni wembe."

Jioni moja Wakili alitangulia kurudi nyumbani. Mama alifunga kazi yake, akapita sokoni, akafika, na mlango akaukuta una kufuli. Alishaweka sufuria jikoni mumewe alipoingia, viatu vimejaa vumbi la barabara ya juu, ambayo haiko njiani kabisa.

"Nimenyoosha miguu," akasema kabla hajaulizwa.

Shati lake lilikuwa limeloa mgongo mzima. Mama akamletea maji ya kunywa. Wote wawili walikaa wakitazama runinga bila kujua kinachoonyeshwa.

Siku iliyofuata akakata shauri kumchokoza. Kama ubishi uko ndani, atautoa nje hata kwa kijiti. Alianza taratibu. Akasema mpira wa miguu ni mchezo wa wasio na kazi. Mumewe akasema, "Ndivyo wanavyosema." Akasema kazi ya kinyozi ni nyepesi, mtu yeyote mwenye mkono anaweza kuifanya. Zamani kwa neno hilo wangelala mzungu wa nne, kichwa huku miguu kule. Mumewe akatabasamu.

"Labda."

"Nataka kupaka nyumba nzima rangi nyekundu. Mpaka dari."

"Ukipenda, Mama."

"Na wewe nitakupaka."

Hapo alicheka. Lakini kwanza alimtazama mkewe usoni, haraka, kupima kama hilo lilikuwa jambo la kuchekwa. Ni kule kutazamwa kulikomchoma. Mama akainuka, akaenda jikoni, akafungulia bomba kwa nguvu zote na kulia na maji. Alimkosa. Mtu yuko pale sebuleni, ndara zake ziko chini ya kiti, kikohozi chake anakijua, harufu ya poda imemganda kwenye kola, na bado alimkosa kama anavyokosekana msafiri asiyesema atarudi lini. Tena msafiri unaweza kumlilia mbele za watu. Huyu angemlilia vipi, na yuko hapo anauliza kama chai bado ipo?

Binti yao alikuja mwisho wa mwezi. Alifanya kazi mji mwingine, na kila akija alikaa siku mbili tatu. Alimkuta baba yake mtulivu, akafurahi.

"Baba amepoa," alimwambia mama yake wakiosha vyombo. "Ni umri huo, Mama. Ulitaka abishe mpaka lini?"

"Mpaka mwisho."

Binti akacheka, kisha akaona mama yake hacheki.

Mezani baba alimwuliza habari za kazi, kama yule msimamizi wake mkali bado yupo. Binti akasema amehamishwa, sasa wanapumua. Baba akafurahi kwa dhati. Wakaendelea kula. Baba akaweka kijiko chini, akamgeukia binti yake kwa mapenzi yaleyale, kwa maneno yaleyale, akamwuliza kama yule msimamizi wake mkali bado yupo. Binti akamtazama mama yake. Mama alikuwa akitazama sahani.

"Amehamishwa, Baba," akasema polepole. "Sasa tunapumua."

Asubuhi binti mwenyewe ndiye aliyepiga simu hospitali.

Daktari alikuwa mwanamke, umri wake haukupishana sana na wa binti yao. Aliwaamkia wazee wote wawili kwanza, akavuta kiti akakaa upande wao wa meza. Alimwomba Wakili ashike maneno matatu akilini, kisha akamwongelesha mambo mengine, kazi, mtaa, usingizi. Akampa karatasi achore saa ya ukutani. Duara lilitoka zuri, mkono wa kinyozi haujasahau mviringo. Lakini namba zilijazana zote upande mmoja, na upande wa pili ukabaki mweupe. Wakili aliitazama saa ile muda mrefu. Alijua haiko sawa. Hakujua wapi.

"Sasa, mzee, yale maneno matatu."

Akatoa la kwanza. La pili likaja kwa shida. La tatu akalitafuta darini, akalitafuta mikononi mwake, kisha akasema, "La tatu umelisema wewe, kwa nini unaniuliza mimi?"

Daktari akacheka. Moyo wa mama uliruka, maana huyo alikuwa ndiye, sauti ileile, ile ya nyuma ya ukuta wa mbao. Kisha akaona mkono wa mumewe umeshika ukingo wa kiti kwa nguvu, na akaelewa kwamba amejificha nyuma ya mzaha kama mtoto nyuma ya pazia, miguu ikionekana.

Daktari hakuzungukazunguka. Alisema watampima damu, shinikizo la damu na masikio, wataangalia na huzuni kama ipo, kwa sababu yapo magonjwa yanayoweza kumsahaulisha mtu, na yakitibiwa hupata nafuu. Alisema kumbukumbu imepungua kuliko inavyotarajiwa kwa umri wake, lakini bado anajivalisha, anajilisha, anajua yuko wapi, kwa hiyo yeye daktari hawezi kusema ni ule ugonjwa mkubwa wa usahaulifu wanaouogopa. Wengine hubaki hapo hapo kwa miaka. Wengine huendelea mbele. Wachache hurudi.

"Mzee ni wa kundi lipi, siwezi kusema leo. Nikisema nitakuwa nabahatisha."

"Lakini daktari," mama akasema, "mimi sikuanza kuona anasahau. Nilianza kuona ameacha kubisha."

Daktari akatikisa kichwa kukubali. "Inatokea, Mama. Mtu hubadilika tabia au hupoa kabla nyumbani hawajaona anasahau. Watu wengi hawaji kutuambia hilo. Wanashukuru kwamba amani imepatikana."

"Na utarudi? Huo ubishi?"

Daktari akaweka kalamu chini. "Sijui, Mama."

Mama alimpenda kwa jibu hilo, ingawa hakulitaka.

Binti alikwenda kupanga tarehe ya vipimo. Wazee wakabaki kwenye benchi la korido, mbele ya ukuta uliopakwa rangi ya kijani mpaka kifuani na nyeupe kwenda juu. Watu walipita na vikaratasi vyao. Mama alikuwa akitafuta pa kuanzia, mumewe akamtangulia.

"Nilijua kabla yako."

"Kwa nini hukuniambia?"

Alipoongea aliongea taratibu, kama mtu anayevuka mahali penye utelezi.

"Kubisha kuna kazi. Lazima ukumbuke mwenzako amesema nini, na wewe umesema nini, na unaelekea wapi. Mimi naanza vizuri. Nikifika katikati nageuka nyuma, naona njia haipo. Watu wamenikodolea macho wanasubiri. Nikisema sawa, wanaridhika, wanaondoka. Hakuna anayejua."

"Ulikuwa unajificha."

"Kwako hasa. Wengine wangenicheka tu. Wewe ungenihurumia."

Mama akauchukua mkono wake, akauweka mapajani mwake. "Mimi nilidhani umenichoka."

"Nikuchoke wewe?" Akatikisa kichwa. "Lile kabati. Siku ile nilikuwa na la kukujibu, nalijua kabisa kwamba ninalo, la siku nyingi, zuri sana. Nikalitafuta. Nikaona nitakukawiza na chai yako." Akaangalia ukuta. "Natamani kukubishia, mama watoto. Natamani mpaka inauma. Nakaa pale nakusikiliza unasema mambo ya ajabu, eti nyumba nyekundu, na sina la kukurushia."

Mama akakaa amemshika mkono mpaka binti yao aliporudi, akawakuta hivyo, akajifanya anasoma tangazo ukutani.

Vipimo vilirudi. Shinikizo la damu lilikuwa juu, akaandikiwa vidonge. Sikio moja lilikuwa limefifia, likapatiwa kifaa, na hilo lilisaidia kiasi chake. Kumbukumbu haikurudi ilikokuwa, ila haikukimbia pia, kwa wakati ule. Daktari alisema atembee, akae na watu, asifungiwe nyumbani. Mama akamwita seremala, akang'oa ukuta wa mbao, na cherehani ikakaa wazi, mbele ya vioo na viti vya saluni. Wateja waliona ajabu mara ya kwanza, nyuzi za sare zikichanganyika na nywele sakafuni, kisha wakazoea.

Wembe na mashine, Wakili mwenyewe ndiye aliyemkabidhi Mpole. Hakuna aliyemlazimisha. Alivisafisha, akavipaka mafuta, akaviweka kwenye kiti cha pili, na kiganja chake kikabaki juu ya mashine muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mpole alisimama kando akitazama mlangoni. Kilichobaki kwa Wakili kilikuwa kitambaa, brashi, poda, na kuwakaribisha watu.

Mwalimu naye alijifunza. Alikuwa akija na jambo moja tu kwa siku, fupi, analiweka mezani kisha anasubiri bila kumharakisha mtu. Siku nyingine Wakili aliliokota na kulitupa nje kama zamani. Siku nyingine alilizungukazunguka, akaliacha.

Alasiri moja Mwalimu alisema kulala mchana ni uvivu, hakuna jina jingine.

"Si uvivu," Wakili akaanza, akiinua brashi. "Kulala mchana, tofauti yake na..." Akasimama. Brashi ikabaki hewani. Mteja kwenye kiti akatazama chini. Mpole akazima mashine, jambo ambalo hakupaswa kulifanya, maana kimya kikawa kikubwa zaidi.

"Kulala mchana ni uvivu kwa mtu anayelala usiku," sauti ikatoka kwenye cherehani. "Wewe, Mwalimu, juzi umelalamika hapa kwamba usiku hupati usingizi. Sasa usingizi wote huo unamwachia nani?"

Vichwa vikageuka. Mwalimu akasema hilo ni jambo jingine. Mama akasema si jingine, ni hilo hilo, ila amelivalisha koti. Mwalimu akataja wakulima wanaoamka alfajiri. Mama akamwuliza alikutana nao wapi, yeye aliyefundisha jiografia kwa ramani. Mwalimu akafungua mdomo, mama akamwambia ngoja nimalize. Alipojishtukia alikuwa amesimama katikati ya saluni, utepe wa kupimia shingoni, akimnyooshea mtu mzima chaki ya kitambaa, na maneno yaliyokuwa yakimtoka hayakuwa yake. Alikuwa ameyasikia mchana kutwa, miaka yote ile, upande wa pili wa ukuta.

Mwalimu akainua mikono. "Nimeshindwa. Nimeshindwa, Mama."

Wakili alikuwa akimtazama mmoja, akimgeukia mwingine. Akapiga brashi kwenye kiganja. "Mnaona?" akawaambia wateja. "Nimeishi na huyu."

Saluni ikalipuka kwa kicheko. Hata Mpole alicheka mpaka akashika kiti.

Walirudi nyumbani jua likiwa bado halijatua, wakipita barabara ya chini, Wakili amemshika mkewe kiwiko. Mama alikuwa amejaa maneno. Alitaka kumsimulia mtu jinsi alivyomwangusha Mwalimu, neno kwa neno, na duniani kote palikuwa na mtu mmoja tu ambaye angelifaidi simulizi lile. Mtu ambaye angemwambia ameshinda, ndiyo, lakini ameshinda kwa njia mbovu, ile ya ramani ilikuwa pigo la chini, na hapa na hapa Mwalimu aliacha mwanya yeye hakuuona. Angemnyima usingizi kwa hilo. Alimtaka mtu huyo kiasi kwamba alihisi kiwiko chake kinawaka pale mkono wa mumewe ulipokishika.

Basi akamsimulia. Alianzia mwanzo, kama vile mumewe hakuwepo. Mumewe alisikiliza, ameinamisha sikio lenye kifaa upande wake.

"Na Mwalimu akasema nini?"

Akamwambia. Wakavuka barabara, wakampisha mwanamke mwenye toroli la ndoo, wakaingia mtaa wao. Mbele kidogo mumewe akamgusa mkono.

"Na Mwalimu, akasema nini?"

Mama akavuta pumzi, akamsimulia tena, safari hii akiongeza chumvi kidogo.